Ngano Mbili

Saa saba na nusu, kaunta ya vyakula vya moto,
duka kubwa la Nakuru, karibu na stendi.
Aliye mbele yangu ameagiza sambusa nne.
Koleo linaingia, linatoka, linadondosha manda,
kisha, bila hata kupumua,
linaelea juu ya paja la kuku wangu.

"Dada, ngoja. Naomba ulioshe kwanza."

Kibandiko cha kifuani kimeandikwa Nasambu.
Analitazama koleo. Ananitazama mimi.
Nyuma yangu foleni inasonya.
"Lakini ni safi," asema.

Na ni safi. Hapo ndipo penye kazi.
Uchafu ningeujua kwa inzi, kwa harufu.
Ninachokiogopa ni chenga isiyojaza jicho la sisimizi,
na wahenga hawakunipimia mimi waliposema
haba na haba hujaza kibaba:
kwangu haba moja tu, kibaba kinapasuka,
siku tatu nimejikunja kama jongoo
nimeshika chembe ya moyo.

Nimweleze vipi, na watu saba wana njaa?
Nianzie Njoro, labda.
Baba akiendesha kombaini kwenye mashamba ya wenyewe,
akirudi Oktoba na makapi masikioni,
mama akimkung'uta mlangoni kama mkeka.
Karo yangu ilitoka humo, sare, hata taa ya kusomea.
Nasi watoto tukitia ngano mbichi mdomoni,
tukitafuna, tukitema maganda, tukitafuna,
mpaka ikawa ulimbo mweupe wa kuvuta kwa vidole,
chingamu ya bure.

Miaka ishirini baadaye daktari akaupa mnato ule jina:
gluteni.
Akachora utumbo wangu nyuma ya karatasi ya dawa,
zulia lililofyekwa.
Niliijua mashine ifyekayo hivyo.
Nilimjua hata dereva wake.

Lugha yetu, kwa utundu wake, ina ngano mbili:
ya shambani, na ya jioni, paukwa, pakawa.
Nilipompa shangazi Tabutany habari za ugonjwa
alicheka, akanisogezea chapati:
"Hiyo ni ngano ya pili. Kula ya kwanza, upone."
Baba sikumwambia mwaka mzima.
Unamwambiaje mtu kwamba jasho lake

Nasambu amerudi.
Koleo linachuruzika maji, linanuka sabuni ya ndimu.
Ameinama juu ya kioo
kama anayetaka kukopa.
"Dada," ananong'ona, msimamizi asisikie,
"koleo nimeosha. Lakini mafuta je?
Kuku, sambusa, maandazi, vyote karai moja
tangu saa kumi na mbili asubuhi."

Kaunta ngapi nimesimama, Kericho, Eldoret, hapa hapa,
nikajibiwa "haina shida" na mikono yenye unga!
Huyu ndiye wa kwanza kuninyima chakula
nami nikamshukuru mara mbili,
mara ya pili kwa sauti, foleni nzima isikie.

Nje, wingu limekalia Menengai.
Kijana anachoma mahindi, anageuza moja,
anachukua nusu ndimu.
"Pilipili?"
Natazama makaa, waya, vidole, kisu.
"Kisu hicho kimekata nini leo?"
Ananitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mamake.
"Ndimu."
"Na kabla ya ndimu?"
"Ndimu."